Jicho la Kulia Lilisema Saba

Kila Ijumaa saa kumi alasiri, mvua inyeshe jua liwake, Fundi Baridi alikuwa akifuta meza ya jikoni kwa kitambaa kikavu, anapanga viti viwili, kisha anaita kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu: "Daktari! Wagonjwa wanasubiri!"

Daktari mwenyewe hakuwa daktari. Alikuwa mstaafu wa maabara ya hospitali, mwanamke aliyesoma damu, mkojo na makohozi ya mji mzima kwa miaka thelathini na mmoja. Mtaani walimwita Bi Maabara. Mumewe peke yake ndiye aliyempandisha cheo bila kuuliza wizara. Na hao wagonjwa hawakuwa watu. Walikuwa samaki tisa, konokono wasio na hesabu, na matumbawe yaliyojaa kwenye tangi la kioo lililokula ukuta mzima wa sebule, mahali ambapo watu wenye akili zao huweka kabati la vyombo. Fundi alilitengeneza tangi lile kwa mikono yake. Alikuwa fundi wa mafriji, ndiyo asili ya jina lake, na fremu aliitoa kwenye friji la kuuzia nyama lililokwisha kazi.

Bahari ya nyumbani ni mtihani, asikudanganye mtu. Baharini kwenyewe maji ni mengi, kosa likitokea linapotelea hukohuko. Sebuleni maji ni lita mia nne na kosa halina pa kwenda. Matumbawe ukiyatazama utadhani mawe, kumbe ni viumbe. Yanachukua madini yaliyomo majini yanajengea mifupa yao, na madini yakipungua lazima mtu ayarudishe kwa kijiko. Kijiko kingapi? Hapo ndipo meza ya Ijumaa ilipokuwa na kazi. Vipimo vilikuwa vingi, vya chumvi, vya joto, vya uchafu, lakini mkubwa wao alikuwa kipimo cha alkali. Unatia maji kidogo kwenye kichupa, unadondosha dawa kwa bomba la sindano, tone kwa tone, huku unatikisa. Rangi ikigeuka, unasimama, na idadi ya matone ndiyo jibu. Nane ni heri na baraka. Ikishuka sita, matumbawe yana njaa, unaongeza unga wa bikabonati. Ikipanda kumi na mbili, yanaungua ncha, maana shibe nayo huua.

Kazi waligawana tangu mwanzo. Fundi anadondosha na kuhesabu kwa sauti, mkewe anaangalia kichupa. Akisema "Imegeuka," basi imegeuka, na Fundi anaandika namba kwenye daftari bila kuinua kichwa. Hakuwa na haja ya kuangalia rangi, na alikuwa na sababu zake.

Sababu zenyewe Bi Maabara alizijua kabla hajamjua mtu huyo hata jina. Friji la kuhifadhia damu hospitalini lilikuwa limezima asubuhi, chupa zimeanza kutoa jasho, mkuu wa maabara amepandwa na mashetani. Akaja kijana mwembamba, amebeba boksi la vifaa kubwa kuliko yeye. Akafungua nyuma ya friji, akachuchumaa, akazikodolea nyaya macho. Akazikodolea weee, mpaka Bi Maabara, wakati ule msichana wa miaka ishirini na tatu mwenye koti jeupe lililompwaya, akaanza kuwa na wasiwasi. Mkuu alipotoka, kijana alisogea, sauti chini.

"Dada, samahani. Huu waya ni wa kijani au wa kahawia?"

"Nimeshatongozwa kwa mengi," alimjibu, "kwa waya bado."

Kijana hakucheka. "Sioni tofauti. Nikikosea hapa, friji linaungua na damu yote inaharibika. Bosi wangu hajui. Mama yangu hajui. Sasa umejua wewe."

Alimwonyesha wa kijani. Friji likaamka, likaanza kuunguruma, na kijana akaondoka na boksi lake. Wiki iliyofuata alirudi "kulikagua." Na iliyofuata. Friji zima kama kigongo! Ikafika mahali mkuu wa maabara akauliza hadharani kama friji lake lina presha, maana linahudhuria kliniki kuliko wajawazito.

Hadi leo Bi Maabara akisikia friji linaanza kuunguruma jikoni kwa mtu, asubuhi ile inamrudia yote, harufu ya spiriti, sakafu iliyoloa, yule kijana aliyemwamini na aibu yake kabla ya kumwamini na jina lake. Watu wanapendana kwa maua, wengine kwa nyimbo. Yeye alipendwa kwa swali moja la waya, na hakuwahi kuona la kuzidi hilo.

Tangi lilikuja baadaye, walipohamia nyumba hii. Tumbawe la kwanza walilileta ndani ya ndoo ambayo Bi Maabara aliibana kati ya miguu yake njia nzima, tawi dogo lisilozidi kidole gumba. Walipolitua kwenye jiwe lake Fundi alirudi nyuma hatua mbili, akaweka mikono kiunoni.

"Rangi gani?"

"Mwili kahawia. Ncha zambarau."

"Zambarau ikoje?"

Swali hilo lilimtoa jasho. Alifikiri mpaka chai ikapoa. "Ni buluu iliyopata habari njema," alisema mwishowe, na Fundi akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyepewa vipimo kamili vya mlango. Tumbawe wakaliita Bibi Harusi. Lilikua mpaka likawa kichaka cha kujaza beseni, na wageni waliokuja kutoa rambirambi au kukopa ngazi walisahau shida yao wakabaki kulitazama.

Na kwenye meza ile ya Ijumaa, kati ya tone na tone, ndipo mambo yote ya nyumba yalipozungumzwa. Fundi hakuwa mtu wa maneno. Siku nyingine ungeongea naye ukadhani unaongea na mlango wa stoo. Lakini mpe kichupa mkononi, mwache ahesabu, na ulimi wake unafunguka. "Nne... mtoto amepiga simu, anataka kuolewa na yule wa benki... tano... mimi sijampenda viatu vyake... sita." Mama yake alipofariki, machozi hayakumtoka msibani. Yalimtoka Ijumaa, kwenye tone la nane, na mkewe akaushika mkono wake uliokuwa na bomba la sindano mpaka ukatulia. Kwa hiyo kiti kile cha pili hakikuwa kiti tu. Ukimwondolea Bi Maabara kiti kile, umemwondolea mumewe.

Ndiyo maana miaka sita iliyopita alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu.

Duka lilibadilisha aina ya kipimo. Cha zamani kilikuwa kinageuka kutoka kijani kwenda nyekundu, na hapo Fundi hakuwa na lake. Kipya kiligeuka kutoka buluu kwenda njano. Bi Maabara alipofungua boksi na kusoma karatasi, akajua palepale. Alikuwa mtu wa maabara, jamani, si wa jana. Wenye macho kama ya mumewe wanachanganya kijani na nyekundu na kahawia. Buluu na njano wanaziona safi. Kipimo hiki Fundi angeweza kukisoma peke yake, kwa raha zake, huku yeye anakatakata vitunguu.

Alifungua mdomo amwambie. Akamwona amekwisha kuinama, anakifuta kiti chake kwa kile kitambaa kikavu. Akaufunga. Atagundua mwenyewe, alijisemea. Fundi hakugundua, maana hakuangalia. Mtu ambaye tangu darasa la kwanza ameambiwa rangi si zake, amechekwa kwa kupaka jua kijani, haendi kuzichungulia uzeeni.

Basi. Miaka ikaenda. Mwaka huu Bibi Harusi akaanza kuumwa.

Ncha zilianza kuwa kama zimelambwa. Vile vinywa vidogo vidogo ambavyo hufunguka taa zikiwaka vikawa havifunguki. Rangi Fundi haoni, lakini umbo anaona kuliko tai, na jambo hilo lilimkosesha raha. Kila jioni alisimama mbele ya kioo, uso karibu kugusa.

"Rangi yake vipi?"

Mkewe alichungulia. "Zambarau. Kama kawaida yake."

Wakapima. Saba. Fundi akatia kijiko. Ijumaa iliyofuata, saba tena. Akatia kijiko kingine. "Huyu anakula kweli kweli," alisema, na ungesikia fahari ndani yake, maana tumbawe linalokula ni tumbawe linalokua. Saba, kijiko. Saba, kijiko. Mwaka ukageukia upande wa pili hivyohivyo, na ncha zikazidi kulambwa.

Mwishowe alibeba maji kwenye chupa ya jemu wakaenda dukani. Mwenye duka la samaki walimwita Profesa, kwa sababu ukinunua kwake wavu unapewa na somo la wavu. Profesa akatia maji kwenye mashine yake, ikalia pii, akasoma, akasoma tena.

"Mzee wangu, kumi na mbili na nusu. Unaongeza nini humo? Unayaua."

"Kumi na mbili gani?" Fundi alipandisha sauti. "Sisi tunapata saba."

"Mashine haina sababu ya kukudanganya, mzee."

"Mashine yako inaota! Huyu unayemwona hapa amesoma mkojo wa mji huu miaka thelathini na mmoja. Na wako umo!"

Wateja waliokuwa wanachagua samaki wa dhahabu waliangua kicheko, na Profesa mwenyewe akacheka, ana roho nzuri yule. Ingekuwa siku nyingine, Bi Maabara angevimba kichwa asipite mlangoni. Siku ile hakuvimba. Kwa sababu Profesa, kumaliza ubishi, alimwambia, "Haya mama, nichukulie basi ule mfuko wa buluu hapo nyuma yako, niwape chumvi," na yeye akageuka, akaona mifuko miwili, akachukua mmoja kwa uhakika wote duniani. Profesa akamtazama. "Ule mwingine, mama. Huo wa kijivu."

Njia nzima alitazama pembeni. Fundi alidhani amekasirika kwa niaba ya taaluma, akazidi kuisema mashine.

Kesho yake asubuhi, mume ametoka kwenda kutengeneza friji la jirani, Bi Maabara alitoa kichupa akakaa mezani peke yake. Kwanza alipima kwa macho yote mawili. Saba. Akafunga jicho la kushoto kwa kiganja. Saba. Akafunga la kulia. Akadondosha saba, maji bado yana ubuluu. Nane, bado. Tisa, bado. Yaligeuka tone la kumi.

Maji yale yale. Kichupa kile kile. Mkono ule ule. Jicho la kulia linasema saba, la kushoto linasema kumi, na mashine ya Profesa inasema kumi na mbili na nusu. Alirudia mara tatu, maana mtu wa maabara haamini jibu moja, hata likiwa la kumnyonga yeye mwenyewe. Kisha akainuka akaenda kutazama shuka zilizoanikwa uani. Alizifua jana kwa sabuni ya unga na kuzisuuza mara mbili. Zilikuwa na rangi ya chai.

Mtoto wa jicho. Alijua. Aliwaona wangapi wakipita mlango wa pili hospitalini, wa kliniki ya macho, wakiongozwa mkono? Ukungu wa umanjano unatanda mbele ya mboni polepole, siku hadi siku, na mwenye nao ndiye wa mwisho kujua. Buluu ndiyo inayokufa mapema. Maji bado yana buluu, yeye anaona yamegeuka, anasema "Imegeuka," mumewe anaandika saba, anatia kijiko. Mwaka mzima! Akaenda akasimama mbele ya tangi. Aliuliza macho yake kwa ukali, bila kubembeleza, rangi ya Bibi Harusi ni ipi. Hayakumjibu. Aliona matawi, aliona mwanga, na zambarau aliyokuwa akiitaja kila jioni haikuwa pale. Aliitoa kichwani. Alikuwa anamsomea mumewe tumbawe la zamani.

Aseme? Ni neno moja tu, hata mtoto analisema. Lakini aliogopa, tena sana, na tusimfiche. Hakuogopa upasuaji. Aliogopa kwamba akisema, kesho Fundi ataenda kwa Profesa kununua mashine, itakaa mezani, italia pii, na mashine haihitaji kiti. Yule mlango wa stoo utafungwa na ufunguo umebaki nje. Wiki nzima aliizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutaga, anafungua mdomo, anaufunga.

Ijumaa ikafika. "Daktari! Wagonjwa wanasubiri!"

Aliketi. Na hapo akafanya jambo ambalo kijana yeyote wa maabara yake angelifanya, angemfukuza kazi siku hiyohiyo. Alipika jibu. Aliacha saba ipite, nane ipite, akahesabu moyoni na kukisia, na kwenye kumi na mbili akasema, "Imegeuka."

Fundi aliacha kutikisa. "Kumi na mbili?"

"Kumi na mbili."

"Wiki iliyopita saba. Nimetia kijiko kimoja tu. Kijiko kimoja hakipandishi tano." Alimtazama usoni. "Una uhakika?"

Miaka yote ile hakuwahi kumuuliza swali hilo. Lilimchoma, akayumba. "Labda... labda nilichelewa kusema. Rudia."

Wakarudia. Tone la saba, macho yakamwambia imegeuka, na mdomo, kwa mazoea na kwa woga, ukatii. "Imegeuka."

"Enhe!" Fundi alishusha pumzi kwa raha. "Ulinitisha." Akaandika saba. Akachota kijiko cha bikabonati, akakikoroga kwenye kikombe cha maji, akaenda sebuleni anapiga mluzi. Bi Maabara alimfuata. Alimwona akisimama juu ya Bibi Harusi, anainua kikombe, uso umejaa huruma kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji.

"Usitie."

"Eh?"

"Usitie, Fundi. Saba si ya kweli." Sauti ilianza kumtoka vibaya lakini hakuiacha irudi ndani. "Nina mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Sijui tangu lini. Profesa yuko sawa, mashine yake iko sawa. Buluu siioni. Na huyu hapa sijui ni wa rangi gani. Nakwambia zambarau kwa sababu ndivyo alivyokuwa."

Fundi alikiweka kikombe juu ya kifuniko cha tangi, polepole. Alilitazama tumbawe. Akamtazama mkewe. Wengine watakwambia alimkumbatia. Hakumkumbatia.

"Umejua lini?"

"Jumamosi."

"Leo Ijumaa. Na bado umeniambia saba." Alikisogeza kikombe mbali na maji. "Mimi yangu nilikwambia siku ya kwanza. Sikujui jina, sikujui kwenu, nikakwambia. Bosi angejua ningekula wapi? Wewe ni mke wangu, unaniacha nimnyweshe sumu kwa mkono wangu."

Akatoka kwenda uani, na kishindo cha ndoo kikasikika mpaka barabarani.

Siku tatu maneno yalikuwa ya kazi tu. "Shika." "Mimina." "Basi." Alkali iliyopanda haiteremshwi kwa pupa, maana ikishuka ghafla inaua wale waliobaki. Unatoa ndoo mbili za maji ya zamani, unaweka mbili za mapya, unangoja kesho. Bi Maabara alibeba ndoo zake bila kuambiwa. Fundi alikata matawi yaliyokufa kwa koleo, akiyapapasa kwanza kwa kidole kama fundi anayetafuta waya uliokatika, na yalikuwa mengi. Alibakiza shina na matawi matano. "Chini bado ana uhai," alisema, na hakusema amemwambia nani. Jumanne mkewe alikwenda kliniki ya macho, akapangiwa upasuaji baada ya wiki tano. Alimpa taarifa, Fundi akasema, "Nitakusindikiza," akaenda kuosha ndoo.

Lakini moyoni kwa Bi Maabara lilibaki jingine, na hilo ndilo lililomnyima usingizi wa mchana na wa kila saa. Alikuwa amekiri kosa la mwaka mmoja. La miaka sita bado.

Ijumaa, saa kumi ikafika, hakuna aliyeita. Alimkuta Fundi jikoni, meza imefutwa, amesimama na kitambaa mkononi kama mgeni asiyejua pa kukaa. Viti vilikuwa vimesukumwa ukutani. Bi Maabara alivuta kimoja.

"Kaa hapa. Leo mimi nadondosha. Wewe unasoma."

"Usinitanie. Sina hali ya utani."

"Sikutanii. Kaa."

Alikaa kwa kisirani. Mkewe akachota maji, akaanza. "Moja. Mbili." Fundi alikuwa anatazama dirishani. "Angalia kichupa, baba. Tatu. Nne. Kina rangi gani?"

"Wewe unajua mimi na rangi."

"Kina rangi gani?"

Aliangalia. "Buluu," alisema, kwa sauti ya mtu anayejibu swali la mtego.

"Tano. Sita. Saba."

"Bado buluu."

"Nane. Tisa. Kumi."

"Imefifia... Kuna kitu kinaingia." Alikuwa amejiinamia sasa, pua karibu itumbukie. Tone la kumi na moja lilipoanguka, mkewe hakuona chochote kipya. Fundi alirudi nyuma kwenye kiti. "Imegeuka. Hiyo ni njano. Au nakosea?"

"Hukosei. Buluu na njano unaziona. Umeziona maisha yako yote." Aliweka bomba la sindano chini. "Nilijua tangu siku ile waliyobadilisha boksi. Miaka sita. Ungekuwa unapima mwenyewe na macho yangu yasingemdhuru mtu. Sikukwambia kwa sababu nilitaka kukaa hapa. Ni hivyo tu. Nilitaka kiti."

Friji likaanza kuunguruma kwenye kona, likaunguruma, likanyamaza.

"Niliiona," Fundi alisema.

"Uliona nini?"

"Mwaka huu. Unasema imegeuka, jicho linaniponyoka naangalia, naona bado ina ubuluu. Si mara moja." Alikuwa anaongea na kichupa. "Nikajiambia, wewe na rangi wapi na wapi. Mwenye macho yake amesema. Nikatia kijiko."

Hapo Bi Maabara alilia. Alilia kwa sauti, bila staha, kama mtoto. Jicho zima lilikuwepo mezani muda wote, likaona ukweli kila Ijumaa, na yeye ndiye aliyelifundisha lisijiamini, kwa kunyamaza tu. Fundi hakumnyamazisha. Aliandika kumi na moja kwenye daftari, akachora mstari mfupi chini yake. Akaacha machozi yafike mwisho wake yenyewe. Kisha akalivuta boksi la pili, la kipimo cha kalisi, yale madini ya kujengea mifupa, akafungua kifuniko.

"Na hiki?"

"Hicho kinatoka waridi kwenda buluu," mkewe alisema, anajifuta kwa ukingo wa kanga. "Waridi ndiyo huwezi. Hapo sikudanganyi."

"Kwangu ni kijivu tu."

"Na mimi waridi naiona. Buluu ikija ndiyo itanipita."

Fundi alilifikiria jambo hilo kama anavyofikiria mashine yenye hitilafu mbili, sehemu ipi ni nzima na sehemu ipi ni mbovu, kipi kishike kipi. Baadaye alinyoosha mguu, akakikokota kile kiti kingine kutoka ukutani hadi kikagusa goti la mkewe.

"Basi kaa vizuri. Wewe utaniambia waridi ikiondoka. Mimi nitakwambia buluu ikifika."

Alimpa kichupa, akashika dawa. "Moja."

"Ipo," alisema mkewe.

"Haijafika," alisema yeye. "Mbili... Kliniki walisema uende umefunga kula, au unakula?"